Mabucha mnaouza chopsi za kondoo nyembamba zilizojaa barafu, mnatuibia

Wakuu nimekasirika, hili limenikaa rohoni tangu jana.

Mama kaja kutoka Tanga, nikasema wacha nimpikie chopsi za mwanakondoo, yaani vile vipande vya nyama vyenye mfupa, zile za kukaanga na viungo halafu sosi unaitengeneza humo humo kwenye kikaango. Nikapitia bucha moja ya maana, vioo, friza, mashine ya kadi, naambiwa kilo elfu 28, mwanakondoo kabisa bosi. Nikamwambia kijana nikatie nene, vidole viwili, akaitika, akaingia nyuma nikasikia msumeno wa umeme unalia, karudi na kifurushi kimeshafungwa.

Nafika nyumbani nafungua, vipande vyembamba kama chapati, vimeganda, vimepakaa unga wa mfupa. Nikaviacha viyeyuke kwenye sinia, maji mekundu yakajaa mpaka yakamwagika mezani. Nikapima, kilo imebaki gramu 790! Karibu elfu 6 yangu nimelipia barafu jamani.

Nikavikausha na kitambaa, nikapaka chumvi, pilipili manga, mdalasini kidogo, bizari nyembamba na giligilani nilizokaanga kavu nikatwanga mwenyewe. Kikaango cha chuma kimepata moto mpaka kinafuka moshi, nikaweka vinne tu visibanane. Nyama ikalia sekunde mbili ikanyamaza, ikaanza kutoa maji, povu la kijivu, viungo vyangu vyote vikabanduka vikaelea. Hapo hukaangi tena, unachemsha. Chopsi ya sentimita 2.5 unaipa kama dakika 3 huku 3 kule, nje inashika rangi na ndani bado laini, lakini hizi ukisubiri zishike rangi ndani zimeshakuwa soli ya kiatu.

Na sosi ndiyo imeniuma kuliko vyote. Utamu wake wote unatoka kwenye ule ukoko wa nyama unaong'ang'ania chini ya kikaango, unamwaga mafuta yaliyozidi, unatia kitunguu na saumu, halafu ukwaju na supu kidogo unakwangua na mwiko mpaka ukoko wote uachie, mwisho kijiko cha siagi. Sasa ukoko uko wapi? Nilikwangua maji ya kijivu.

Mama kala kimoja, akaugeuzageuza mfupa kwenye mwanga wa taa, mweupe mkavu kama chaki, akasema mwanangu umeuziwa kondoo mzee, wa mwanakondoo unakuwa na wekundu. Kabla hatujamaliza kula mafuta yashaganda kwenye midomo.

Leo nimerudi pale naambiwa eti kondoo ni kondoo bosi. Hapana! Mwanakondoo ni yule hajafikisha mwaka, na bei yake tunalipa kwa sababu hiyo. Kama ni kondoo mkubwa sema ni mkubwa, niuzie kwa bei yake, nitamtia kwenye sufuria masaa mawili na atakuwa mtamu tu, lakini usinidanganye nikamkaange dakika 6.

Anayejua bucha hapa Dar wanaokatia mbele ya mteja, nyama haijagandishwa, aniambie iko maeneo gani. Mama anaondoka Jumapili na bado sijampikia nilichomuahidi.