Uzi wa nadharia ya fasihi uzamili: tupeane uzoefu

MsomaPole: Wadau, tasnifu za fasihi hukwama wapi zaidi kwenye nadharia? Tupeni yanayoshikika, si "soma sana".

KalamuKavu: Kosa hufanyika sura ya pili, aibu hutokea sura ya nne. Mtu anajaza kurasa kumi na tano za mwasisi, historia, ubora na udhaifu. Kwenye uchambuzi nadharia haionekani tena, anasimulia riwaya upya. Chagua mihimili (hoja kuu za nadharia) miwili, mitatu ikizidi sana. Kila mhimili uufunge kwenye lengo moja la utafiti. Kisha jipime: futa istilahi zote za nadharia kwenye sura ya nne. Hoja zikibaki vilevile, nadharia ilikuwa pambo.

Bi Jedwali: Naongezea kwa wanaotumia naratolojia, yaani nadharia ya usimulizi, ya Mfaransa Genette (1972). "Mwandishi ametumia mbinu rejeshi" (kurudi nyuma kwenye matukio yaliyopita) si uchambuzi, huko ni kutambua tu. Chora jedwali la safu nne: tukio, nafasi yake katika matini, nafasi yake katika mfuatano wa matukio yenyewe, na idadi ya kurasa. Hapo utaona miaka kumi imepita kwa nusu ukurasa na usiku mmoja umekula kurasa ishirini. Kwa nini usiku ule? Anzia hapo. Halafu tenganisha anayesema na anayeona. Msimulizi wa nafsi ya tatu si lazima awe mjuzi wa yote. Anaweza kuongea yeye huku tukitazama kwa macho ya mtoto mmoja tu.

MsomaPole: Na mwingilianomatini, mkuu?

KalamuKavu: Huo, yaani namna matini moja inavyojengwa kwa matini nyingine, ndio unaoumizwa kuliko zote. Watu huugeuza msako wa nani kamwiga nani. Kristeva mwenyewe, aliyeasisi istilahi hiyo, alichoshwa na matumizi hayo, na mwaka 1974 akapendekeza neno jingine, linalobeba maana ya kuhamisha mfumo mmoja wa ishara kwenda mwingine. Methali ikiingia riwayani, usiishie kutaja ilikotoka. Onyesha inafanya kazi gani mpya humo.

Mpitiaji: Dogo ila linakera: "Saussure aliandika mwaka 1916". Mwanaisimu huyo wa Uswisi alikuwa amekufa tangu 1913. Kitabu hicho cha 1916 kiliundwa na wenzake wawili kutokana na daftari za wanafunzi wake. Na istilahi, shika moja. Ufeministi ukurasa wa 20 usigeuke "utetezi wa wanawake" ukurasa wa 60, mtahini atadhani ni nadharia mbili.