Shahada ya kilimo katika chuo kikuu cha umma: nijiandae vipi?

Mwanafunzi mtarajiwa

Habari zenu, ndugu zangu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya kilimo katika chuo kikuu cha umma. Biolojia nilifaulu vizuri, lakini hesabu zangu ni za wastani, na katika familia yetu hakuna anayelima. Je, nitamudu? Na je, nijikite mapema katika fani moja, kama vile mifugo au bustani, au nianze na kilimo kwa ujumla?

Mhitimu wa agronomia

Hongera sana. Kutokulima nyumbani si kikwazo. Kitakachokutoa jasho ni kemia na takwimu. Mwaka wa kwanza katika vyuo vya umma masomo hayo mara nyingi hufundishwa kwenye kumbi zilizojaa, pamoja na wanafunzi wa fani nyingine, na mhadhiri hawezi kumjua kila mtu, kwa hiyo jizoeze kumfuata ofisini mapema na kuuliza.

Takwimu usizichukulie kuwa somo la kupita tu. Mbinu za majaribio ya shambani zinazotumika hadi leo zinatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyejiunga na kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Ukiweka mbolea mpya upande wa bondeni na ya zamani upande wa mlimani, kisha bonde likazaa zaidi, hutajua kama sababu ni mbolea au ni maji. Ndiyo maana vipande vya shamba hupangiwa mbolea kwa kura na jaribio hurudiwa katika vipande kadhaa. Ukilielewa hilo tangu mwanzo, utafiti wako wa mwaka wa mwisho hautakutisha.

Mkufunzi wa sayansi ya udongo

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu takwimu, ila nisingependa shamba lisahaulike, kwani wapo wanafunzi wanaofaulu mitihani yote na bado hawawezi kuutambua udongo kwa mkono. Chukua udongo kidogo, ulowanishe, uufinyange, kisha uuviringishe viganjani: mfinyanzi hutoa uzi mwembamba unaopindika bila kukatika, kichanga hukwaruza na kumomonyoka, na tope huteleza kama unga. Zoezi hilo unaweza kuanza nalo leo.

Kemia nayo utaikuta humo humo shambani. Kiwango cha pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, kikishuka chini ya 5.5 hivi, udongo huwa na tindikali nyingi, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi hunaswa na udongo, hivyo mkulima anayeongeza mbolea bila kwanza kuweka chokaa ya kupunguza tindikali huenda akapoteza fedha zake. Afisa ugani asiyelijua hilo atamshauri vibaya, na hasara itamwangukia mkulima.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Kuhusu fani, mimi ningeanza na kilimo kwa ujumla, iwapo chuo chako kinaruhusu kuchagua baadaye, kwa sababu mazao, mifugo na udongo hutegemeana. Kabla ya kuripoti, uliza mafunzo kwa vitendo huchukua muda gani, na kama wanafunzi hupewa vipande vyao vya kulima katika shamba la chuo au huishia kutazama tu.