Naomba ushauri: safari ya mama kutoka Nairobi hadi New York

Ndugu zangu, salaam. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, anatarajia kusafiri mwezi Januari kutoka Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi John F. Kennedy, New York, umbali wa takriban kilomita 11,800 kwa njia ya moja kwa moja. Ndege hutumia karibu saa 15 kwenda, na saa 14 hivi kurudi kwa kuwa husukumwa na upepo wa angani. Nilipomweleza kwamba akiondoka saa sita usiku atatua saa moja asubuhi, alihesabu kwa vidole akafurahi kuwa ni saa saba tu. Ilinibidi nimfafanulie tofauti ya saa nane za majira.

Hofu yangu ni miguu yake, ambayo huvimba hata kwa basi la Mombasa. Je, avumilie kiti kimoja saa zote hizo, au apitie Doha, ingawa mwendo utazidi kilomita 14,000, ili ajinyooshe katikati? Hajui Kiingereza, na kubadilisha ndege peke yake kunanitia wasiwasi. Waliowahi kuwasafirisha wazee, mlifanyaje?