Je, vyeti vya kozi huria za mtandaoni vihesabiwe katika kuwapandisha vyeo wakuu wa idara vyuoni?

Mwanzilishi wa mada:
Nashikilia kwamba vihesabiwe. Mhadhiri wa chuo kikuu hapa Nairobi huteuliwa mkuu wa idara kwa kuwa zamu imemfikia, na tangu siku hiyo hutakiwa kuandaa bajeti, kusuluhisha malalamiko ya walimu wa muda ambao hawajalipwa na kujibu hoja za wakaguzi, mambo ambayo uzamifu wake wa kemia au fasihi haukumfundisha. Mafunzo ya uongozi ya ana kwa ana kule Lower Kabete, katika chuo cha serikali cha watumishi wa umma (Kenya School of Government), yanahitaji ada na ruhusa ya kutoka kazini, ilhali kozi za majukwaa ya mtandaoni ya Coursera na edX, yaliyoanza mwaka 2012, humfuata nyumbani usiku.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu yangu, ugonjwa umeueleza vyema, ila dawa siyo hiyo. Kozi iliyoandaliwa Boston haimsaidii msajili wetu kukabiliana na mfumo wa ufadhili wa mwaka 2023, ambao umemgawia kila mwanafunzi gharama zake kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia. Wala haimfafanulii Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Tena tukumbuke kozi ya akili unde iliyotolewa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2011: walijiandikisha watu wapatao 160,000, wakamaliza zaidi kidogo ya 20,000, na hao walisukumwa na hamu yao wenyewe. Mkuu wa idara anayesukumwa na fomu ya kupandishwa cheo atamwachia mwanafunzi wake wa uzamili abonyeze majibu (tusijifanye hatulijui hilo).

Mimi ningependelea wakuu watano au sita wasome kozi moja ya usimamizi wa fedha kwa pamoja, wapewe saa mbili rasmi kila Ijumaa, na kila mmoja aje na bajeti halisi ya idara yake. Kinachostahili kuhesabiwa ni bajeti iliyorekebishwa, ikaguliwe na jopo, wala siyo cheti.

Mwanzilishi wa mada:
Habari ya Ijumaa naikubali bila ubishi. Jopo ndilo linalonitia shaka, kwa sababu cheti, hata kikiwa chepesi, hakijui kabila la mtu wala urafiki wake na wakubwa. Wanajopo hao watateuliwa na nani?