Magunia 38 ya mahindi yameoza, cheti cha semina ninacho. Haya mafunzo ya kidijitali anafundishwa nani?

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Nina mashine ya kusaga na kufungasha unga hapa Kibaigwa, mkoani Dodoma. Mwezi wa pili niliitwa Dodoma mjini, semina ya siku tatu ya wasindikaji wadogo kuhusu teknolojia mpya za kidijitali. Nikafunga biashara, nikaenda.

Siku ya kwanza ililiwa na mgeni rasmi. Tumekaa tangu saa mbili, yeye kaingia saa tano na nusu, picha ya pamoja, chai, basi. Siku ya pili slaidi: blokicheni, akili mnemba, droni. Tupo watu kama 40, wa karanga, wa alizeti, wa unga wa lishe, tunaangalia droni ikipiga picha shamba la watu huko ughaibuni. Mama mmoja wa siagi ya karanga akauliza afanyeje ili aandike namba ya bechi kwenye kopo na kuitunza kwenye simu, mteja akilalamika ajue ni karanga za siku gani. Swali la maana kuliko semina nzima! Akajibiwa "tutalifikia". Hawakulifikia.

Siku ya tatu ndiyo vikaletwa vishikwambi. Vinne. Programu yenyewe ya Kiingereza kuanzia mlangoni, na wiki tatu baadaye ikaandika muda wa majaribio umeisha, lipa kwa dola.

Hayo yote ningemeza. Kilichoniuma ni kipima unyevu.

Tuligawiwa kile cha kidijitali, unaweka punje, unabonyeza, namba inatokea. Mkufunzi akasimama, bila aibu, akasema hiki kitawaambia mahindi yana sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu, au hayana. Ndugu zangu, HAKISEMI. Kinapima maji tu. Sumukuvu huioni kwa macho, kuipika hakuiondoi, na kuijua lazima upime kwa vipimo vyake au maabara. Mkoa huu huu na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu. Machi 2021 Kenya wakazuia mahindi yetu, na walipofungua wakataka cheti kwamba hayazidi mikrogramu 10 kwa kilo. Halafu mtu analipwa kuja kutudanganya kwa projekta?

Nikarudi, kipima nikamkabidhi kijana wangu wa mashine. Mwisho wa mwezi wa tano mahindi mapya yakaanza kuingia. Kijana anapima, unyevu asilimia 13, anapokea. 13, anapokea. Kiwango ni kisizidi 13.5, nani angebisha? Baada ya wiki mbili stoo inanuka, naingiza mkono kwenye gunia, linachemka. Magunia 38 yamevunda. Sikuyasaga, na nilikataa kuyauza kwa mtu wa kuku aliyekuja na bei yake.

Mnajua tatizo lilikuwa nini? Kifaa kilikuwa kwenye NGANO. Kila nafaka ina namba yake ndani ya kile kifaa, lazima uchague kabla ya kupima. Aliyenionyesha ni dalali wa sokoni ambaye hajakanyaga semina hata moja. Kabonyeza mara mbili, mahindi yale yale yakasoma karibu 16. Dakika moja, wakuu. Siku tatu za hoteli zilikosa dakika moja.

Na kabla hamjaniambia "ungesoma kitabu chake": kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Kijana wangu ni darasa la saba, na ndiye anayepokea mzigo, anayepima, anayewasha mashine. Mimi niliyeitwa nakaa na daftari la madeni. Kama lengo ni unga salama, wa kufundishwa ni yule mwenye vumbi kwenye kope, tena mfuateni pale pale kwenye mzani, mkiwa na gunia bichi na gunia kavu, ashike kifaa kwa mkono wake.

Jana wamenipigia. Awamu ya pili ya mafunzo, mwezi ujao, hoteli ile ile. Nikaomba nimtume kijana badala yangu, hata bila posho.

Wamesema mwaliko ni wa wamiliki tu.