Palm III na modemu ya nje: vinaungana vizuri lakini haipigi

pilipili_kavu

Wakuu, salaam. Nina Palm III, ile kompyuta ya kiganjani ya betri mbili ndogo za AAA, bado nzima kabisa. Nina pia modemu ya nje, US Robotics Sportster ya 56K, yenye safu ya taa mbele. Nataka Palm ipige simu kupitia modemu hiyo bila kompyuta katikati. Najua mtaniuliza ya nini. Nataka tu.

Nilivyounganisha: waya wa HotSync wa siriali (ule wa kuoanisha data za Palm na kompyuta), ambao ncha yake ni jike la pini 9. Waya wa modemu nao upande mmoja ni jike la pini 9, upande wa pili dume la pini 25 linaloingia kwenye modemu. Jike kwa jike havishikani, nikatia katikati kigeuzi cha dume kwa dume. Vikakaa vizuri, havichezi.

Nikigusa Connect, Palm inasubiri kidogo halafu inasema modemu haijibu. Modemu si mbovu, kwa sababu nikiichomeka kwenye kompyuta ya zamani inapiga bila shida. Ila ikiwa na Palm, taa ya SD haitikisiki na ya TR ni giza tupu. Nimejaribu kasi zote kwenye menyu. Msaada tafadhali.

chaji_nusu

Badilisha ile string (amri za kuianzisha modemu) kwenye mipangilio ya modemu. Weka ATZ, ile ya kuirudisha mwanzo, peke yake, zile zinazokuja na Palm huwa zinasumbua. Na uweke betri mpya.

babu_siriali

Mkuu pilipili, string iache kwanza. String ni maneno, na modemu yako haijasikia hata neno moja. Ushahidi umeuleta mwenyewe: SD haitikisiki. Taa hiyo humulika kila herufi inayotoka kwenye mashine kuingia kwenye modemu. Palm ikianza hutuma AT na yanayofuata, na kama yangefika ungeona SD inapepesa, hata kama string ni ya ovyo kiasi gani. Haikupepesa, basi shida iko kwenye waya. Ungebadilisha string mpaka kesho.

Mchawi ni hicho kigeuzi chako cha katikati.

Poti ya siriali ina pande mbili zisizofanana. Upande wa kompyuta, kwenye pini 9, hutoa data kwenye pini ya 3 na kupokea kwenye ya 2. Modemu imefungwa kinyume: hupokea kwenye 3 na kutoa kwenye 2. Ndiyo maana waya wa modemu na kompyuta hupita moja kwa moja, pini kwa pini, na kila kitu kinakwenda. Sasa, waya wa HotSync ulitengenezwa ili Palm ichomekwe kwenye kompyuta. Kwa hiyo ukiitazama Palm kupitia waya huo, kwa nje inaonekana kama modemu. Wewe umekutanisha modemu na modemu. Wote wawili wanasema kwenye pini ya 2, wote wawili wametega sikio kwenye ya 3, na hakuna anayesikia.

Kigeuzi cha dume kwa dume kinabadilisha umbo la ncha tu. Kinachotakiwa hapo ni adapta ya "null modem", nayo dume kwa dume, pini 9. Hiyo inapishanisha 2 na 3, na 7 na 8, na inapeleka 4 ya upande huu kwenye 6 ya upande ule. Mpangilio wako mwingine wote uko sawa, usiubomoe: Palm, HotSync, null modem, waya wa modemu, modemu.

Tatizo ni kwamba vipande hivi viwili kwa nje ni mapacha. Plastiki ileile, skrubu zilezile, na mara nyingi hakuna maandishi. Usimwamini anayekupa, chukua mita uiweke kwenye mlio. Gusa pini ya 2 upande mmoja na ya 2 upande wa pili. Ikilia, hicho ni kigeuzi tu. Ikilia 2 kwa 3, ndiyo yenyewe. Usiishie hapo, pima na 7 kwa 8. Zipo adapta za bei ya chee zinazopishanisha 2 na 3 peke yake, halafu 7 na 8 zinafungwa pamoja upande uleule. Hizo kwa kasi ndogo zitakudanganya kwamba ni nzima. Ukipanda 57,600 herufi zinaanza kudondoka, kwa sababu hakuna njia ya upande mmoja kumwambia mwenzake asubiri.

Kwa wale wanaopenda kulehemu wenyewe: kwenye pini 25 namba 2 na 3 zimebadilishana ukilinganisha na pini 9. Waya wa kiwandani umeshalimaliza hilo ndani. Ukijitengenezea huku unaangalia mchoro wa pini 9 pekee, utapishanisha kitu kilichokwisha kupishanishwa.

Ukishaipata, SD ikapepesa na RD, taa ya data inayotoka kwenye modemu, ikajibu, lakini TR ikabaki giza, maana yake ni kwamba ishara ya DTR, ya kwamba mashine iko tayari, haifiki, na modemu inaona hakuna mtu mezani. Nyuma ya Sportster kuna safu ya swichi ndogo. Ya kwanza ishushe, modemu itaacha kuidai hiyo DTR. Kisha izime uiwashe, kwa kuwa swichi husomwa wakati wa kuwaka. Kwa modemu isiyo na swichi, AT&D0 hufanya kazi ileile. Hasara yake ni kwamba DTR haitaweza tena kukukatia simu. Kabla hujaondoka angalia CD, taa ya simu iliyounganika, imezimika. Haijazimika, zima modemu.

chaji_nusu

Sawa babu, nimekubali. Lakini ATZ si mbaya?

babu_siriali

Si mbaya, ila ina zamu yake. Na kwa kuwa umelileta: hiyo string inayokuja na Palm, AT&FX4, kwa Sportster ina mtego. &F maana yake "rudi kwenye mipangilio ya kiwandani", lakini US Robotics wana mipangilio ya kiwandani zaidi ya mmoja. &F peke yake ni &F0, ambayo haina udhibiti wa mtiririko wowote. Ile yenye udhibiti wa RTS/CTS (zile pini 7 na 8) ni &F1. Kwa hiyo andika AT&F1X4. Kwenye modemu ambayo haimo katika orodha ya Palm, chagua Hayes Basic, weka kasi 57,600 na Flow Ctl uiwashe.

Hiyo 57,600 ni kasi ya kati ya Palm na modemu. Kasi ya laini ya simu modemu zitapatana zenyewe huko.

pilipili_kavu

Shikamoo babu. Nimepima kile kipande changu: 2 kwa 2 inalia. Nimetafuta null modem, nikaipima pia, 2 kwa 3 na 7 kwa 8. Sawasawa.

Kuchomeka tu na kugusa Connect, SD ikapepesa haraka, RD ikafuata. TR giza kama ulivyosema, nikashusha swichi ya kwanza, nikazima nikawasha. Ikapiga! Spika ikalia ule mluzi wote, CD ikawaka.

Sasa jipya. Mara nyingine inasema hakuna mlio wa laini ingawa nikiinua simu mlio upo, ni wa kukatikakatika kidogo. Ikifanikiwa kupiga, CD inawaka, Palm inafika kwenye kujitambulisha, kisha inakwama na kukata. Laini yangu inatoka kwenye kisanduku cha intaneti, si waya wa shaba. Upande wa pili ni kompyuta yangu ya Linux na modemu nyingine, nimeweka mgetty (inayopokea simu) na pppd (inayoendesha PPP, lugha ya mtandao juu ya laini ya simu).

nyota_ya_jioni

Naingilia kidogo. Bora umesema upande wa pili ni kompyuta yako, maana nilitaka kuuliza unampigia nani. Hata AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, walizima huduma yao ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025.

Mimi nilichoka na laini, nikaweka kile kibao kidogo chenye chipu ya Wi-Fi ya ESP8266 kinachojifanya modemu. Palm inatuma ATDT, amri ya kupiga, na anwani badala ya namba, chenyewe kinaingia kwenye Wi-Fi. Hakuna mluzi, hakuna laini.

babu_siriali

Marahaba pilipili.

Nyota, hicho kibao ni kizuri na kinafaa. Ila kwa nyaya ni yaleyale, kinafungwa kama modemu, kwa hiyo null modem bado inahitajika. Na hakikisha kina kipande cha kubadilisha volti za RS-232 (za poti ya siriali), kwa sababu pini za ESP8266 ni za volti 3.3. Mimi binafsi nikikosa mluzi naona kama sijaunganisha kitu, lakini hayo ni maradhi yangu.

Pilipili, una matatizo matatu tofauti yaliyopanga foleni, usiyatibu kwa dawa moja.

La mlio wa laini ni X4. Inaiambia modemu isubiri mlio inaoutambua kabla ya kupiga. Visanduku vya intaneti vina milio yao, na ule wa kukatikakatika mara nyingi ni kisanduku kinakuambia una ujumbe wa sauti. Weka X3, itapiga bila kungoja mlio, na bado itatambua namba ikiwa inatumika.

La pili ni laini yenyewe. Sahau 56K kabisa. Kasi ile inataka upande wa pili uwe umeunganishwa kidijitali na mtandao wa simu. Modemu mbili za kawaida zinazopigiana haziwezi kuvuka 33,600 hata kwenye shaba safi. Juu ya kisanduku cha intaneti sauti inakatwa vipande vipande, pakiti moja ikichelewa modemu zinapotezana. Ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, chagua kodeki (njia ya kusimba sauti) ya G.711, zima ufutaji wa mwangwi na zima ule ujanja wa kunyamazisha laini wakati hakuna anayeongea. Kisha ifunge modemu kwenye kasi ndogo: kwa US Robotics, &N6 ni 9,600. String yako iwe AT&F1X3&N6. Kwa skrini ya Palm III hutaiona tofauti. Itatulia, ndilo la maana.

La tatu ndilo linalokukwamisha kwenye kujitambulisha, nadhani. mgetty ikipokea simu huandika "login:" ikingoja jina. Palm inangoja PPP. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Ama uwashe mstari wa /AutoPPP/ kwenye faili la login la mgetty, iitambue PPP ikija, ama uandike script kwenye Palm: Network, Details, Script. Weka Wait For na "ogin:", kisha Send UserID, Send CR, Wait For na "ssword:", Send Password, Send CR, End. Herufi ya kwanza nimeiacha makusudi. Mashine moja huandika L kubwa, nyingine ndogo, na mara nyingine herufi hiyo ya mwanzo hupotea laini ikitulia. Ukifuata njia ya script, huko Linux akaunti hiyo iwe inaanzisha pppd yenyewe baada ya kuingia. AutoPPP ina kazi kidogo zaidi kuiweka, lakini mimi naipenda hiyo.

Na usibahatishe. Palm ikiwa inaunganisha, bonyeza kitufe cha kushuka chini, utaona hatua moja moja kwa maandishi. Ikikata, fungua menyu uingie View Log.

mpole_wa_usb

Swali la pembeni. Nina Palm m505 na modemu ya USB. Naweza?

babu_siriali

Hapana. USB ya m505 ni ya upande wa kifaa, inahitaji kompyuta ya kuiongoza. Modemu ya USB nayo inataka hivyohivyo. Na nyingi kati ya modemu hizo kazi yake hufanywa na programu ndani ya kompyuta, si na modemu. Habari njema ni kwamba kiunganishi cha chini cha m505 kina siriali pia. Tafuta waya wa HotSync wa siriali wa mfululizo wa m500, na modemu ya siriali, halafu rudi juu usome ya pilipili.

pilipili_kavu

Babu, AutoPPP ilikuwa imezibwa na alama ya # kwenye faili. Nimeifungua, nikaweka AT&F1X3&N6, nikagusa Connect. Mluzi mfupi kuliko wa mwanzo, CD, kisha Palm ikaandika imeunganishwa. Nimeingia kwa telnet (kuiendesha kwa maandishi kutoka mbali) kwenye kompyuta yangu nikaandika `ls`, ya kuorodhesha faili, kwa Graffiti, mwandiko wa kalamu wa Palm. Imekuja polepole mstari kwa mstari, ila imekuja yote.

La mwisho: alama ya betri inashuka upesi. Ni kawaida?

babu_siriali

Kawaida. Poti ya siriali ikiwa wazi inakula betri hata kama hakuna herufi inayopita. Nenda Network, Details, punguza Idle timeout iwe dakika moja. Kuna programu za telnet zinazoshikilia muunganisho ukishatoka, kwa hiyo rudi Network uguse Disconnect kwa mkono.

Na ufanye HotSync kabla ya kukaa hewani muda mrefu. Vitu vyako vyote kwenye Palm III viko kwenye RAM, betri zikifa kabisa vinaondoka navyo. Ukizibadilisha usizubae, ina akiba ya umeme ya muda mfupi tu wakati betri ziko nje.