Kuwapima wote vitamini D, au kuitia kwenye chakula? Naombeni ushauri

Roho_Inasita: Wakuu, habari. Nipo kwenye kamati inayoandaa mapendekezo ya sera kuhusu vitamini D. Mwenyekiti anataka kila mtu apimwe damu, atakayekutwa na upungufu apewe vidonge. Mwingine anasema jua lipo, watu waote, basi. Nisimamie wapi?

Kokoto: Mkuu, mkianza kuwapima wote, fungu lote litaishia maabara. Wataalamu wa homoni wa Endocrine Society walishatoa ushauri mwaka 2024: mtu mzima mwenye afya njema hana haja ya kupimwa. Na upungufu unaanzia kiwango gani hasa? Hapo penyewe wanabishana.

NesiMstaafu: Anzeni na watoto wachanga. Maziwa ya mama yana kila sifa ila vitamini D ni kiduchu. Uingereza wanashauri anayenyonya apewe matone ya maikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa. Anayekunywa zaidi ya mililita 500 za maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, maana ya kopo yameshaongezewa. Hapo hakuna cha sindano wala maabara.

Huyo wa jua mwambieni mionzi inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha, ngozi nyeusi huitengeneza polepole, na ya mzee ndiyo imechoka kabisa.

Mchemsho: Angalieni Finland. Mwaka 2003 walianza kuiongeza kwenye maziwa na majarini, mwaka 2010 wakaona haitoshi, wakazidisha kiwango mara mbili. Mtu hakumbuki kidonge, anakula kama kawaida yake. Ila chagueni chakula ambacho hata mnyonge anakila, la sivyo mtawaongezea wenye nacho.

Kokoto: Na msirundike. Miaka ya 1950 kule Uingereza vitamini D ilikuwa kwenye maziwa ya unga, kwenye nafaka za watoto, na mafuta ya samaki juu yake. Wachanga wakaanza kuonekana na kalsiamu iliyozidi kwenye damu, viwango vikashushwa. Kwa mtu mzima ukomo unaotumika sana ni maikrogramu 100 kwa siku.

Halafu kiasi kwenye makopo kiandikwe kwa namna moja! Maikrogramu 1 ni sawa na yuniti za kimataifa (IU) 40. Kopo moja linasema 10, jingine 400, mzazi anadhani la pili ni kali zaidi, kumbe ni kilekile.

Roho_Inasita: Asanteni sana. Ila mwenyekiti hakubali kupima kufutwe kabisa. Nimbakizie nani?

NesiMstaafu: Mbakizie mtoto mwenye matege, mwenye maumivu ya mifupa yasiyoeleweka, mgonjwa wa figo, na anayetumia dawa za kifafa muda mrefu. Wazee wasiotoka ndani wapewe tu, wasisubiri majibu ya damu.

Roho_Inasita: Kikao ni kesho asubuhi. Naenda na hayo.